Kikapu Kilichoshonwa

Nyumba ya Gaudensia pale Kawajense ilikuwa na viti vingi kuliko nyumba yoyote ya mtaa ule, na bado mgeni alikosa pa kukaa. Kigoda cha Kisukuma kilikuwa cha kutazamwa. Kiti cha mzee mmoja wa Kikonongo, kilichochongwa kwenye gogo moja bila msumari hata mmoja, nacho kilikuwa cha kutazamwa. Mgeni alipelekwa barazani kukaa na Obadia, mume wa Gaudensia, mstaafu wa reli, ambaye kwa miaka mingi alikunywa chai yake huko nje, mvua inyeshe, jua liwake. Watu wakimtania alisema ndani wamehamia wapangaji ambao hawana mpango wa kuhama.

Gaudensia alikuwa mwalimu wa shule za msingi hadi alipostaafu. Walimhamisha huku na huko ndani ya mkoa, na kila alikotoka aliondoka na kitu. Kijiji cha Kapalamsenga, kando ya ziwa, aliondoka na kasia lililolainishwa na viganja vya watu. Sitalike aliondoka na chungu cha Kipimbwe na jembe la wahunzi wa zamani, limeliwa na kutu hadi limebaki kama jani. Wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini walimpa vibuyu vya maziwa. Hakuwa mwizi. Aliomba, akabadilishana, akapewa. Mara nyingi watu walimshangaa, mwalimu mzima anababaikia kinu kilichopasuka, wakampa huku wanacheka.

Sababu aliijua mwenyewe, na hakupenda kuisema. Alipokuwa msichana wa shule, mama yake aliingia dhehebu jipya lililofika kijijini kwao, na siku moja Gaudensia alirudi kutoka darasani akakuta moto uani. Kigoda cha bibi, ungo wake, shanga zake, vibuyu, vyote vilikuwa motoni, na mama amesimama pembeni anaimba. Kinu kiligoma kuungua. Kilifuka moshi hadi kesho yake, bibi amekaa mlangoni anakitazama. Hakuishi sana baada ya hapo. Tangu wakati huo Gaudensia hakuweza kuona kitu cha zamani kimetupwa kwenye kona ya jiko la mtu bila moyo kumwenda mbio. Akishakibeba na kukifikisha kwake, alipumua kama mtu aliyewahi kuokoa kitu kabla moto haujafika.

Kwa hiyo siku Lucia alipoingia katika chumba chenye rafu za vitu hivyo, Gaudensia alikuwa tayari kumpa chochote. Lucia alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa makumbusho mapya yaliyokuwa yakitayarishwa huko, na alikuwa anazunguka mikoani kutafuta vitu vya maonyesho juu ya watu waliohama makwao. Alipita rafu moja baada ya nyingine, mikono ameifunga nyuma. Mwisho akasimama mbele ya kikapu.

Kilikuwa kikapu kidogo cha nyasi, kimesukwa kwa kuzungushwa na kukazwa kiasi kwamba ungedhani kingeshika maji. Mfuniko wake ulikuwa mrefu, umechongoka kama paa la msonge, na mistari myeusi ilipanda kwa kujipinda kutoka kitakoni mpaka kwenye ncha. Mfuniko huo ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene pande zote, hakuna mahali pa kupitisha hata kidole.

"Hiki kimetoka wapi?" Lucia aliuliza.

"Katumba. Kilikuja na Warundi waliokimbia mauaji mwaka wa sabini na mbili, wakapewa makazi pale. Alinipa Dieudonne, anauza maharage pale sokoni. Ni cha mama yake."

"Na ndani kuna nini?"

"Mbegu. Dieudonne anasema mama yake siku zote alikuwa akisema ni mbegu."

Lucia alikitazama sana. "Mwalimu," alisema taratibu, "watu walikimbia na watoto mgongoni, nyumba zinaungua nyuma yao, na bado mtu akaona abebe hiki. Atakayekiona ataelewa bila kuelezwa."

Gaudensia aligeukia dirishani ili machozi yasionekane. Miaka yote hiyo alikuwa anangoja mtu aseme hivyo.

Walikubaliana kwamba Lucia azunguke upande wa Mlele na ziwani, kisha arudi kukichukua. Aliomba mambo mawili. La kwanza, historia ya kikapu kutoka kwa familia. La pili, kifunguliwe kisafishwe, maana mbegu za zamani hukaa na wadudu, na wadudu wakiingia kwenye ghala la makumbusho wanakula mpaka ngoma.

Gaudensia alianza na la pili, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi. Alikaa ngazini nyuma ya nyumba na mkasi wake wa kudarizi, akakata uzi mshono kwa mshono, kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Alipolifungua alikuta udongo mwekundu, mkavu, na vijiwe na vipande vya mizizi membamba kama nywele.

Obadia alikuwa anapita na ndoo. "Ndizo mbegu hizo?"

"Zimeoza. Zimekuwa vumbi."

"Mbegu zinaoza zinakuwa mawe?"

"Obadia, niache nifanye kazi."

Alisimama kidogo na lile furushi mkononi. Baadaye alijiuliza sana juu ya ule muda mfupi aliosimama, maana kitu fulani ndani yake kilisita. Lakini alikumbuka wadudu, akamkumbuka Lucia, akaenda katikati ya mpapai na bomba, pale wanapomwaga maji ya vyombo, akakung'uta. Kitambaa akakifua kwa sabuni ya unga. Kilitoa maji mekundu, kisha rangi yake ikajitokeza, bluu iliyopauka, na pindo lililoshonwa kwa mkono. Kilipokauka alikipiga pasi. Jioni hiyo mvua ilinyesha.

Alikuwa bado anatafuta nafasi ya kwenda Katumba kuuliza historia ya kikapu, pale Katumba ilipomfuata yenyewe. Asubuhi moja Dieudonne alisimamisha pikipiki mbele ya baraza. Nyuma yake alikuwa amekaa mwanamke mzee, mwembamba, amevaa miwani nyeusi ya hospitali, na nyuma ya mzee limefungwa sanduku la bati ambalo Gaudensia alilifahamu mara moja. Ndilo alilompa Dieudonne kubadilishana na kikapu. Siku hiyo Dieudonne alikuwa anabomoa nyumba ya tope ya mama yake ili amjengee ya tofali, vitu vya zamani vimerundikwa uani, na Gaudensia alikiona kikapu juu ya rundo, kuku anakidonoa. Mama mwenyewe alikuwa hayupo, alikuwa amelazwa kwa ajili ya upasuaji wa macho.

"Shikamoo mama," Gaudensia alimwamkia mzee.

"Marahaba."

"Mwalimu, huyu ni mama yangu, mama Apollinarie," alisema Dieudonne. Alikuwa mwanaume mnene, mcheshi sokoni, lakini asubuhi hiyo hakumtazama mtu usoni. "Alipotolewa bandeji, kitu cha kwanza kukitafuta ni kile kikapu. Hali wala halali. Nimerudisha sanduku lako, tunaomba utusaidie."

Wazo la kwanza lililomjia Gaudensia lilikuwa la Lucia na makumbusho. Lilikuja lenyewe, haraka, kabla hata hajawakaribisha. Alifikiri namna ya kumwelewesha mzee, kwamba kikapu chake kitakaa ndani ya kioo, kitatazamwa na watu wa nchi nyingi. Aliwaambia waketi apike chai. Mzee hakuketi. Alivua miwani, akaingia ndani.

Alikuwa ameishi miaka mingi nusu kipofu, na sasa alitazama kila kitu kwa macho mapya, yenye maji maji. Alitazama vibuyu, vyungu, kasia, jembe. Akafika mezani. Kikapu kilikuwa wazi, mfuniko umelazwa pembeni kama kofia. Apollinarie aliingiza mkono, vidole vikazunguka kitakoni, vikarudi, vikazunguka tena.

"Aliyekuwemo humu mmemweka wapi?"

Gaudensia alidhani ni Kiswahili cha mzee kimeteleza. "Vilivyokuwemo, mama? Zile mbegu? Zilikuwa zimeoza, nika..."

"Sikusema vilivyokuwemo. Nimesema aliyekuwemo."

Nje Obadia alikuwa anamsalimia jirani.

"Mama," alisema Dieudonne, "nani alikuwemo?"

Mzee hakumgeukia mwanawe. Aliongea akitazama kikapu, sauti haipandi wala haishuki. "Nilikuwa na mtoto wa kwanza. Tulipovuka mto Malagarasi alikuwa na homa, alikuwa ananichoma mgongo. Ng'ambo akapoa, nikasema Mungu amesaidia. Kumbe amekufa. Baba yako alichimba kwa panga. Watu walikuwa wanasema twendeni, twendeni, wanakuja. Kikapu hiki alinisukia mama yangu kwa ajili ya harusi, nilikuwa nimetia mtama wa njiani. Nikaumwaga mtama. Nikachota udongo wa juu yake, nikaufunga na mbeleko yake. Nikashona. Halafu tukapakiwa kwenye malori tukaletwa Katumba, msituni, na pale mahali sitapaona tena. Hata mngenipeleka leo na macho haya, sitapajua."

"Uliniambia mbegu," alisema Dieudonne.

"Ulikuwa mtoto."

"Mama, mimi nina wajukuu!"

Apollinarie alimgeukia Gaudensia. "Nakuuliza tena. Mmemweka wapi?"

Hakukuwa na namna ya kujibu ila kuwapeleka uani. Gaudensia alitangulia. Kuku walikuwa pale pale, katikati ya mpapai na bomba, wanapekua. Maji ya vyombo ya asubuhi hayajakauka na punje za wali zimetapakaa. Obadia aliyefuata nyuma aliwafukuza kuku kwa kofia, kama anayebisha hodi kwa aibu uani kwake mwenyewe.

"Ni hapa, mama."

"Hapa wapi?"

"Hapa... kati ya hapa na pale. Nilikung'uta tu."

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

Dieudonne alipiga magoti, akaanza kukwangua udongo kwa viganja viwili. "Ni huu huu, mama. Nitachota wote huu, tutaurudisha ndani, utashona tena."

"Acha. Huo ni wa Kawajense."

"Lakini amechanganyika humu!"

"Ndiyo. Amechanganyika."

Dieudonne alibaki magotini, viganja vimejaa tope, hajui aweke wapi. Gaudensia alikimbilia ndani akaleta kitambaa, kimekunjwa vizuri, mistari ya pasi inaonekana. Alifikiri angalau hiki kipo. Apollinarie alikipokea, akakiweka puani, akavuta pumzi. Uso wake ambao ulikuwa mkavu muda wote ndipo ulipovunjika.

"Umeifua," alisema. "Inanukia sabuni."

Alilia bila sauti, mdomo wazi, amesimama vile vile. Hakuna aliyethubutu kumshika. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge, siyo kwa kile kitambaa, akauliza jambo ambalo Gaudensia hakulitegemea.

"Kwa nini unakusanya vitu vya watu? Kwenu hamna vitu?"

"Vilikuwepo. Vilichomwa."

"Nani alichoma?"

"Mama yangu."

"Kwa hiyo ukaja kuchukua vyetu."

"Nilidhani naviokoa, mama."

"Kutoka kwa nani?"

Mzee alivaa miwani yake, akamwambia Dieudonne awashe pikipiki. Kikapu hakukichukua. "Kaa nacho," alisema mlangoni, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Ndicho ulichokitaka."

Siku zilizofuata Gaudensia hakuingia kwenye kile chumba. Alipita mlangoni kama anayepita nyumba yenye mgonjwa. Mambo aliyoyafanya kwa mapenzi yalimrudia moja moja. Kigoda cha Kisukuma alikisugua kwa msasa mpaka mafuta ya miaka yote yakatoka. Chungu alikikwangua masizi. Vibuyu alivimiminia maji ya moto. Alikuwa ametoa nini humo, na alikimwaga wapi? Ilimkera mpaka siku moja akamsimamisha Masele, mfugaji aliyempa kibuyu, alipokuwa anapeleka maziwa mjini, akamuuliza kibuyu kile kilikuwa na nini ndani.

Masele alimtazama kwa wasiwasi. "Maziwa, mwalimu."

"Basi? Hakuna kingine?"

"Kibuyu cha maziwa kinakuwa na nini tena? Kilikuwa na maziwa." Akaondoka anacheka peke yake juu ya baiskeli, na Gaudensia akabaki palepale. Jibu lilikuwa la kumtua mzigo, lakini mzigo haukushuka.

Lucia alipopiga simu kusema yuko njiani kurudi, Gaudensia alimweleza yote.

"Pole sana, mwalimu. Na mimi nina sehemu yangu, mimi ndiye niliyesema kifunguliwe," alisema Lucia. "Lakini niseme ukweli. Sasa kikapu hiki kina maana kuliko mwanzo. Tukiandika habari za mtoto huyo..."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Tumuombe mama. Fikiria, Dieudonne mwenyewe hakujua. Watoto waliozaliwa Katumba hawajui wazazi wao walipita wapi. Yule mzee akifa, nani atawaambia? Si ndiyo sababu na wewe ulianza kukusanya?"

Hakuwa anasema uongo, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kama Lucia angekuwa mtu mbaya, Gaudensia angekata simu akalala. Alimwambia ataenda Katumba kuuliza, na asije kwanza.

Alikwenda na kikapu mapajani, amekifunika na kitenge, ndani ya gari la abiria aina ya Noah lililojaa wafanyabiashara wa mpunga. Nyumba mpya ya Apollinarie ilikuwa bado haijapigwa plasta. Mzee alikuwa kivulini anapukuchua maharage, haraka, kwa vidole vilivyozoea kufanya kazi bila macho. Gaudensia alipiga goti, akaomba msamaha kwa maneno ambayo alikuwa ameyapanga njia nzima na ambayo yote yalimpotea. Mzee alisikiliza huku anapukuchua.

"Weka hapo," alisema, akionyesha mkeka. Kikapu kikawekwa kati yao.

Gaudensia akaeleza ombi la Lucia. Alilieleza kwa haki, hakupunguza, hakuongeza. Apollinarie alitikisa kichwa kabla hajamaliza. "Hapana. Nikifa wataongea na Dieudonne. Sijafa."

Wakakaa. Ilikuwa saa ya kuondoka, na Gaudensia alijua ni saa ya kuondoka. Lakini ulimi wake ulikuwa na tabia ya miaka mingi. Kila kitu alichowahi kupokea alikiulizia kinaitwaje.

"Mama, mtoto aliitwa nani?"

Vidole vilisimama. "Unalitaka la nini?"

"Nimkumbuke."

"Hukumjua. Utamkumbukaje mtu usiyemjua?" Macho yale mapya yalimtazama moja kwa moja, na Gaudensia akahisi yanaona chumba chake chote, rafu kwa rafu, na nafasi iliyobaki wazi. "Kikapu ulichukua. Udongo ulichukua. Jina niachie mimi."

"Nisamehe, mama."

"Pale kwenu uani," mzee aliendelea, akirudi kwenye maharage yake, "msimwage tena maji machafu. Wala kuku wasipekue. Nitakuja."

Kikapu kilibaki mkekani. Dieudonne alimsindikiza hadi barabarani anasukuma pikipiki. Walipofika kwenye lami ndipo alipoongea.

"Mimi ningependa kiende Dar, mwalimu. Nakuambia wewe, mama usimwambie. Kiende, kiandikwe, watu wasome. Maisha yangu yote nimeitwa mtoto wa kwanza. Baba alipofariki mimi ndiye niliyesimama mbele kama mkubwa. Kumbe kuna mkubwa wangu nimekuwa nalala naye nyumba moja, juu ya kabati, na mimi nikamtoa nikapewa sanduku." Alicheka kicheko kibaya. "Jina amekuambia?"

"Hapana."

"Hata mimi hataki. Anasema nimemuuza ndugu yangu bila kumjua, nikimjua jina nitafanya nini. Amesema hivyo, mwalimu. Mama yangu."

Gaudensia alitaka kumwambia kwamba kosa ni lake yeye. Alilisema. Dieudonne aliinua mabega. "Wewe ulikung'uta. Mimi nilitoa. Tugawane."

Gaudensia alipofika nyumbani alimwambia Obadia habari za uani. Obadia alikuwa amekwisha kupanga tofali pale karibu na mpapai kwa ajili ya banda la kuku, jambo aliloliongelea tangu kiangazi. Alisikiliza, akavuta pua. "Kwa hiyo sasa tuna kaburi."

"Sijui tuna nini."

Kesho yake alianza kuhamisha tofali, chache chache, hadi upande wa choo. Hakulalamika. Ila mara moja, amebeba tofali kifuani, alisema kwamba kwa miaka mingi amemuona mkewe akileta vitu ndani, na hiki ni cha kwanza ambacho hata yeye anakiogopa.

Lucia aliambiwa hapana. Aliipokea vizuri, akasema atasubiri, kazi yake yote ni kusubiri. Akauliza kama kuna kingine angeweza kukichukua, kasia labda. Gaudensia alisema kwamba kwanza ataenda Kapalamsenga kuwauliza wenyewe. Alikwenda kweli. Aliyempa kasia alikuwa amefariki, na wanawe waligombana mbele yake, mmoja akitaka lirudi, mwingine akisema la nini, wana mashine za boti. Alirudi nalo, hajui kama amebeba kitu chake au cha watu.

Jumapili moja baada ya misa, pikipiki ilisimama tena barazani. Apollinarie alishuka, kile kitambaa cha bluu amejifunga kichwani. Dieudonne alikuwa amefunga nguzo za miti na waya nyuma, na sululu. Walisalimiana kwa maneno machache. Obadia alileta jembe lake bila kuombwa, wanaume wakaenda uani.

Walizungushia uzio pale katikati ya mpapai na bomba. Mzee alikaa chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha, akawa anaelekeza. Hapana, isogeze. Hapo mizizi, rudi nyuma. Dieudonne alichimba, akapiga nguzo, akavuta waya, jasho linamtiririka. Kati ya mama na mwana kulikuwa na kitu kizito ambacho uzio haukukimaliza. Walipomaliza nguzo ya mwisho Obadia aliweka jembe begani, akasema anakwenda kunawa, akazunguka nyumba.

Gaudensia alikuwa jikoni, ameshika sinia la chai, dirisha liko wazi. Alimuona Apollinarie akigonga ardhi kwa kiganja, hapa, karibu yake. Dieudonne alisimama kwanza, kisha akaketi kwenye tope na suruali yake ya kanisani. Mzee alivua kitambaa kichwani, akakiweka mapajani mwa mwanawe. Akamvuta shingo, kama anavyovutwa mtoto mdogo, akaleta mdomo karibu na sikio lake.

Kutoka pale dirishani mtu angeweza kusikia. Ua ulikuwa mdogo na hakukuwa na upepo. Ilitosha kusimama na kushika pumzi. Gaudensia alilitaka lile jina kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote kilichoko ndani ya nyumba yake. Alilitaka hata akaona haya.

Aliweka sinia chini. Akapita kwenye chumba chenye rafu bila kugeuka, akatoka barazani, ambako Obadia alikuwa anajifuta mikono, redio yake ndogo inasoma matokeo ya mpira.

"Wanaongea?" Obadia aliuliza.

"Sijui. Ongeza sauti."

Obadia alimtazama, kisha akaongeza.